Pikipiki yangu ina plagi moja

Kilo zangu ni 54 nikiwa nimevaa mabuti. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikiegesha pikipiki yangu, SR500, penye watu: "Mama, hii unaiwashaje?" Haina stata, ile mota ya kuwashia kwa kitufe. Yamaha hawakuwahi kuiwekea stata tangu walipoitoa mwaka 1978, na mdogo wake, SR400, aliendelea kutengenezwa hadi 2021 akiwashwa kwa mguu vilevile. Muulizaji huwa ni mwanamume mwenye mapaja kama magogo, na baada ya swali hufuata ombi: naomba nijaribu. Namkabidhi. Anapiga kiki ya kwanza, ya tano, ya tisa. Jasho linamtoka, petroli inaanza kunuka, watu wanasogea kuangalia. Mwisho ananirudishia na kuniambia ina tatizo, niipeleke kwa fundi.

Hapo nazima swichi, nazungusha mpini wa mafuta mpaka mwisho, napiga kiki tatu za taratibu ili injini iteme petroli yote aliyoijaza. Nawasha swichi. Kiki moja, imewaka. Nakiri kwamba sehemu hii ya kumiliki pikipiki kuukuu inanifurahisha kuliko inavyostahili.

Wala hakuna uchawi. Pistoni ni moja, kipenyo chake milimita 87, na safari yake ya juu na chini ni milimita 84. Hiyo ndiyo injini nzima, cc 499 ndani ya kopo moja, yaani silinda moja. Ukikanyaga kiki wakati pistoni inapanda na valvu zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi, zimefungwa, unataka kuishindilia nusu lita ya hewa kwa mguu, na hewa haitaki. Kwa hiyo unakanyaga polepole mpaka ukute ukuta. Ukishaupata, vuta kile kikono kidogo cha dikompresa upande wa kushoto wa usukani. Kinafungua valvu ya moshi kidogo tu, pumzi inatoka, na kiki inashuka kama inchi moja. Kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, upande wa kulia, kuna kidirisha cha kioo chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Alama ikitokea pale, ujue pistoni imepita juu kabisa kwa unywele mmoja. Achia kikono. Acha kiki irudi juu yenyewe. Sasa simama juu yake ushuke nayo mpaka chini, na mkono wa kulia usiguse mafuta kabisa.

Kuanzia hapo lile gurudumu zito lililo tumboni mwa injini lina karibu mizunguko miwili ya kukimbia kabla ya kukutana na ukuta tena, na likifika linakuwa limeshika kasi. Linauvuka lenyewe. Mwenye mapaja magogo anaanzia ukutani, ndiyo maana anachoka.

Mimi kazi yangu ni ya cherehani, na nadhani ndiyo iliyonifanya nielewane haraka na injini hizi. Kila aliyewahi kukanyaga cherehani ya miguu anajua: kabla hujaanza unazungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ipite juu. Ukikanyaga sindano ikiwa pabaya, mashine inarudi kinyumenyume na uzi unakatika. Siku mjomba aliponifundisha kuwasha pikipiki, nilimwambia, "Mjomba, kumbe ni cherehani tu." Alicheka sana, lakini hakubisha.

Yake ilikuwa Royal Enfield Bullet, ya 350, ya zile zilizokuwa zikitengenezwa India. Kule zilianza kuunganishwa Madras mwaka 1955, zikaendelea kwa umbo lilelile kwa miongo mingi baada ya Waingereza wenyewe kuachana nazo. Injini yake ni ndefu kuliko pana: kipenyo milimita 70, safari milimita 90. Ndiyo maana haina haraka. Ilikuwa na gia upande wa kulia na breki ya nyuma upande wa kushoto, na mpaka leo, nikichoka sana, mguu wangu wa kulia hutafuta gia mahali palipo na breki.

Mjomba alikuwa na goti bovu. Hakuweza kupiga kiki kwa nguvu hata angetaka, kwa hiyo alikuwa amelazimika kuijua. Bullet haikuwa na kidirisha, lakini juu ya taa ya mbele ilikuwa na mita ndogo ya ampea. Alinikalisha kwenye siti, yeye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kanyaga polepole, mwanangu. Angalia mshale."

Mshale ulikuwa umeangukia kushoto. Nikakanyaga. Ukabaki kushoto. Nikakanyaga tena, taratibu, na mara ukaruka ukasimama katikati.

"Hapo pointi, zile swichi ndogo za cheche, zimeachana," akasema. "Pistoni iko juu. Umeiuliza iko wapi, imekujibu. Sasa vuta dikompresa, isogeze kidogo, halafu shuka."

Ikawaka kiki ya pili. Ya tatu, nikiwa sasa nimejiona mtaalamu, nikasita katikati. Cheche iliruka pistoni ikiwa bado haijafika juu, injini ikazunguka kinyume, na kiki ikarudi na ugoko wangu. Alama ipo mpaka leo, chini kidogo ya goti. Nilikuwa nimevaa ndala, jambo ambalo mjomba alipaswa kulikataza, na alikiri hivyo baadaye, kwa shangazi, akiwa ameinamisha kichwa.

Nimewahi kuwa na pikipiki ya silinda nne. Niliimiliki miaka mitatu na sina la kuilaumu: unabonyeza kitufe inawaka, unavuta mafuta inaondoka, breki zake zilikuwa kitu kingine kabisa. Niliiuza kwa sababu moja ambayo huwa naona aibu kuieleza, kwamba sikuisikia. Sina maana kwamba ilikuwa kimya. Injini ya mipigo minne (four-stroke), kama hizi, huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo silinda moja ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, huku umesimama tu unaongea na mtu, inawaka mara 10 kwa sekunde. Ukiwa barabarani kwa mizunguko 4,000, ni mara 33 hivi. Zidisha kwa silinda nne, uongeze na kwamba zile nne hupenda kuzunguka kwa kasi zaidi, na milio yote inaungana ikawa kitambaa kinachopasuliwa. Ya silinda moja ni mshono. Sindano unaisikia ikiingia na kutoka, na uzi ukilegea unajua kabla hujageuza kitambaa.

Hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo kwangu, na si kwenye tangi la chrome au ile sura ya zamani ambayo watu hupenda kuipiga picha. Kwenye kilima kirefu, gia ya nne, unausikia kila mlipuko ukisukuma, unaona tairi la nyuma likipokea teke moja, likipumzika, likipokea jingine. Kwenye udongo uliolowa hilo teke lina faida, maana katikati ya msukumo na msukumo tairi hupata nafasi ya kushika ardhi. Waendeshaji wa vichakani wamelijua hilo kwa muda mrefu. Yamaha XT500, ambayo SR yangu imetokana nayo, ilishinda mashindano ya Paris–Dakar ya kwanza kabisa, ile iliyoanza Desemba 1978 ikaisha Januari 1979, mikononi mwa Cyril Neveu, na akarudia mwaka uliofuata.

Na anayedhani silinda moja ni ya kwenda sokoni tu, amtafute mzee yeyote wa Velocette, zile pikipiki za Kiingereza. Machi 1961, kwenye uwanja wa Montlhéry karibu na Paris, Velocette Venom ya cc 499 ilikimbia saa 24 kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Pistoni moja, usiku na mchana. Yangu nikifika 110 naomba dua.

Maana kuna mtikisiko. Siwezi kuandika kuhusu pikipiki hizi nikauruka, ingawa wauzaji huuruka kila siku. Pistoni moja inapokwenda juu na kusimama ghafla kisha kushuka, hakuna mwenzake wa kwenda kinyume chake. Unaweza kuweka uzito wa kuisawazisha kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, lakini ukiuweka wa kutosha kumaliza mtikisiko wa juu na chini, unakuwa umezaa mwingine wa mbele na nyuma. Kwa hiyo wahandisi wa zamani waligawa, nusu huku nusu kule, wakaishia hapo. Zilizokuja baadaye nyingi zina shafti ya ziada ya kutuliza. SR haina. Kati ya kasi fulani na fulani, kwenye vioo vyangu siwezi kujua kama kinachonifuata ni lori au basi. Naona rangi tu. Baada ya saa moja na nusu vidole vya mkono wa kulia vinakuwa vya mtu mwingine.

Na nati zinaondoka. Katika miaka 14 nimepoteza nati mbili za ekzozi, kifuniko kimoja cha upande, taa ya nyuma mara sijui ngapi (waya wake ndani ya globu hukatika tu kwa kutikiswa), na mara moja kibao cha namba, kilichopasuka kwenye tundu la bolti kikabaki kinaning'inia kama jino la mtoto. Siku hizi kila baada ya safari ndefu nazunguka na spana namba 10 na 12 mkononi, nagusa kila nati. Sikazi, nagusa tu. Iliyolegea utaijua. Tofauti ya kugusa na kukaza niliijifunza kwa uchungu: fundi mmoja, ambaye gereji yake siitaji, aliwahi kukaza plagi yangu kwa mkono wa mtu anayefunga tairi la trekta. Hedi ni ya alumini. Hesi zote, ile mifereji ya skrubu ndani ya tundu, zikatoka pamoja na plagi, zikijiviringa kama uzi wa nailoni. Ilibidi hedi ishuke, tundu litobolewe upya na kuwekewa hesi za chuma. Yeye alisema zilikuwa zimechoka. Tangu hapo plagi naifunga mwenyewe, kwa vidole mpaka igome, halafu robo ya spana na chembe.

Lakini angalia pia ilivyo rahisi kuimiliki. Plagi moja. Kabureta moja. Valvu mbili. Ikizima njiani, maswali ni matatu: petroli inafika, cheche ipo, pumzi ipo? Pumzi utaijua kwa mguu tu, kwenye kiki. Cheche unatoa plagi, unaigusisha kwenye chuma, unapiga kiki unaangalia. Petroli unalegeza skrubu ya chini ya kabureta uone kama inatiririka. Dakika kumi umejua, na vifaa vyote vinaingia kwenye mfuko ulioshonwa kwa mabaki ya jinzi. Wangu una mifuko midogo sita na zipu, na ndiyo kazi ya mikono yangu ninayojivunia kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Mwaka juzi ilinizimikia katikati ya mteremko. Nikapumzika kidogo, ikawaka. Dakika ishirini, ikazima. Nikasubiri, ikawaka. Cheche ipo, pumzi ipo. Nikalegeza skrubu ya kabureta: petroli ikatoka kidogo, ikawa matone, ikakoma. Tangi lilikuwa zaidi ya nusu. Nikafungua mfuniko wa tangi nione vizuri, na tangi likavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyeibuka majini. Nilikaa chini pale pembeni ya barabara nikacheka peke yangu. Wiki hiyo nilikuwa nimeing'arisha pikipiki nzima kwa nta, na mfuniko nao, kwa bidii, na nta ilikuwa imeziba kitundu cha kupumulia ambacho hata pini haipiti vizuri. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii nyuma yake. Sindano namba 11 ilimaliza kazi. Sindano ipo kwenye mfuko wa nne, upande wa kushoto, na tangu hapo sijawahi kung'arisha mfuniko.

Ninapowaambia watu waanze na nini, huwa siwaambii SR. Nawaambia watafute Honda CG125 iliyotunzwa kiasi. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na walioichora waliichora wakijua kabisa kwamba wengi wetu hatutabadilisha oili kwa wakati. Badala ya kamshafti, mhimili wenye nundu za kufungua valvu, juu ya hedi na cheni yake, waliweka fimbo za kusukuma valvu kutoka chini, na kamu yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi za valvu zote mbili. Nundu moja! Nikifikiria, huwa napata furaha ileile ninayoipata nikiona gauni lililokatwa kwenye kipande kimoja cha kitambaa bila mabaki. Ikikushinda hiyo, basi pikipiki kuukuu si fungu lako, nenda kanunue yenye kitufe, na hakuna atakayekusema.

Kazi ninayoipenda zaidi ni tapeti, yaani kupima na kurekebisha nafasi juu ya mkia wa kila valvu. Inabidi injini iwe imepoa kabisa, imelala usiku kucha. Nafungua vile vifuniko viwili vya hedi, nasogeza kranki mpaka pistoni iwe juu na valvu zote mbili zimefungwa, halafu nachukua fila, zile karatasi za chuma zilizokusanywa kama kipepeo. Ya kuingiza hewa milimita 0.10, ya kutolea moshi 0.15. Unaichomeka kati ya skrubu na mkia wa valvu. Ikipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Ikikataa kuingia, nafasi imekwisha. Inayotakiwa ni ile ya kuvuta uzi uliopakwa nta kutoka kwenye kitambaa: inakuja, lakini inakuja na ukinzani. Kisha unashika skrubu isigeuke huku unakaza nati yake, inageuka tu, unaanza upya. Mara ya tatu au ya nne inakubali.

Nafasi ikiwa kubwa, tapeti hugonga, tik-tik-tik, na wapita njia watakuambia injini yako imekufa. Usiwasikilize. Kelele hiyo inaudhi, ila haiui haraka. Cha kuogopa ni ukimya. Valvu ya moshi hukaa kwenye moto mkali, na pahali pake pa kupoa ni kile kiti inachokikalia ikifungwa, ndipo inapoutua ule moto. Jinsi inavyochakaa kwenye kiti ndivyo mkia wake unavyopanda, nafasi inapungua, na mlio unapungua nayo, taratibu, kwa miezi, mpaka unadhani injini imekuwa nzuri. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haifungi vizuri tena, haipoi, na ukingo wake unaanza kuungua. Mjomba aliunguza ya kwake hivyo hivyo. Aliimwagia sifa wiki nzima jinsi ilivyotulia.

Tangu Jumanne naisikiliza yangu asubuhi inapowaka. Upande wa mbele, pale kwenye kifuniko cha ekzozi, sisikii kitu. Jana niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko na mpini sikioni: ya nyuma inagonga kama kawaida, ya mbele kimya. Leo sijaiwasha. Iko ukumbini, imefunikwa shuka, inapoa.